Mianzi ya Bustani Kenani na Mwambao wa Mweru: Weka Mpaka Kabla ya Kupanda

Ukitaka kivuli cha haraka, uzio wa kijani unaozuia vumbi la barabara, au fito ambazo hutazifuata mbali porini, panda mwanzi. Ardhi ya wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, inaufaa. Ziwa Mweru liko kwenye mwinuko wa takriban mita 920, kwa hiyo hakuna baridi ya kuua mmea, na mvua ya mkoa wa Luapula huzidi milimita 1,000 kwa mwaka, ikinyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwanzi ukishashika mizizi hapa, haubembelezwi tena.

Kwa sababu hiyohiyo, mwanzi unahitaji kuwekewa mpaka. Kuna aina zinazobaki pale ulipozipanda, na kuna aina zinazotembea chini ya ardhi msimu mzima wa mvua kisha zikachomoza kwenye tuta la mtu mwingine. Jambo hili lina uzito mkubwa Kenani na Mantapala. Kituo cha Kenani kilifunguliwa mwaka 2017 kuwapokea waliokimbia vita vya Haut-Katanga na Tanganyika, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Mwanzoni mwa 2018 makazi ya Mantapala yakaanza kupokea familia, zikapewa viwanja vya nyumba na sehemu za kulima. Viwanja vinapakana, na jirani anategemea mihogo na mboga zake kama wewe unavyotegemea zako. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupata uzuri na faida ya mwanzi bila kumletea mtu hasara.

Jua kwanza aina uliyo nayo

Kila mwanzi una shina la pili ambalo halionekani, nalo liko chini ya ardhi. Ndilo linalotoa fito mpya, na tabia yake ndiyo inayoamua kazi utakayokuwa nayo miaka yote.

Mianzi ya kichaka ina shina la ardhini fupi na nene lililojikunja kuelekea juu. Kila fito mpya hutoka kando ya mama yake, na kichaka hupanuka polepole kwa kuzunguka. Mianzi ya kutambaa ina shina la ardhini refu na jembamba, linalokwenda mlalo karibu na uso wa ardhi. Kwenye kila kifundo kuna jicho, na jicho lolote linaweza kutoa fito juu au tawi jingine la kuendelea na safari. Kwa msimu mmoja mzuri wa mvua, shina hilo laweza kwenda mita kadhaa.

Aina utakazokutana nazo huku ni hizi:

1. Mwanzi wa manjano wenye mistari ya kijani. Kwa jina la kitaalamu ni *Bambusa vulgaris*, na ndio unaopandwa zaidi katika bustani Afrika Mashariki na ya Kati. Ni mwanzi wa kichaka. Hufikia mita 10 hadi 20, na unene wa fito ni sentimita 4 hadi 10.

2. Mwanzi wa porini, *Oxytenanthera abyssinica*. Ni wa asili katika misitu ya Zambia, Tanzania na Kongo. Nao ni wa kichaka, huvumilia kiangazi kirefu na udongo duni, na fito zake zimejaa ndani au zina tundu dogo tu, kwa hiyo ni ngumu kuvunjika. Watu wa Iringa, Tanzania, hukata ncha za machipukizi yake wakati wa mvua na kukinga utomvu wanaoufanya pombe ya ulanzi.

3. Mwanzi wa kutambaa unaopendwa kwa uzio na mapambo, *Phyllostachys aurea*. Fito zake ni nyembamba, sentimita 2 hadi 4, na urefu wa mita 5 hadi 10. Umesimama wima, majani yake ni madogo na mazito, na rangi hugeuka dhahabu juani. Huu ndio wenye kuhitaji ulinzi.

Kama umetoka nyanda za juu za Kivu, utakuwa unaujua mwanzi wa milimani, uleule wa Virunga, Mlima Elgon na Aberdare. Usihangaike kuuleta. Makao yake ni juu ya mita 2,000, kwenye baridi na ukungu, na joto la Mweru haliupendezi.

Mtu akikupa mche bila kujua aina, kuna njia rahisi ya kuutambua. Shika fito iliyokomaa, tafuta kifundo chenye matawi, kisha pitisha kidole gumba kwenye pingili iliyo juu yake. Ukigusa mfuo unaopanda upande mmoja wa pingili, huo ni wa jamii ya kutambaa. Tazama pia matawi: mianzi hii hutoa mawili makubwa kwa kila kifundo, moja nene kuliko jingine, ilhali mwanzi wa manjano hutoa kundi zima. Kwenye *Phyllostachys aurea*, pingili za chini kabisa huwa fupi na zimebanana, nyingine zimevimba chini ya kifundo. Ukiwa bado na shaka, chimba taratibu hatua moja kutoka kwenye fito. Ukikuta shina lenye rangi ya majani makavu, nene kama kidole, lenye vifundo, limefunikwa na magamba, ncha yake ngumu na kali, na macho yake yakipishana kushoto na kulia, umepata jibu. Usipande mche huo kabla ya kusoma sehemu ya mpaka hapa chini.

Chagua kulingana na ardhi uliyopewa

Kama uko kituoni kwa muda na hujui utahamishwa lini, panda kwenye chombo. Ndoo kubwa au pipa lililokatwa nusu linatosha kwa mwanzi wa mapambo wa kutambaa, hasa chombo cha lita 50 na zaidi. Toboa matundu chini ya kutolea maji, weka kokoto, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva. Kisha kiinue chombo juu ya matofali matatu au manne. Hatua hii ya mwisho isikupite, kwa sababu shina la ardhini hupenya kwenye matundu ya maji na kuingia ardhini, na ukija kukihamisha chombo utakuta mwanzi umeshahamia chini. Chombo hukauka upesi, kwa hiyo umwagilie maji kila siku wakati wa joto la Septemba na Oktoba. Kila baada ya miaka miwili au mitatu utoe, ukate mashina ya ardhini yaliyojizungusha, ugawe, urudishe sehemu moja. Siku ya kuhama, unaondoka nao.

Kama una kiwanja kidogo cha nyumba, chagua mwanzi wa kichaka. Ule wa porini ni mzuri zaidi kwa kiwanja kidogo, kwa sababu wa manjano hukua mkubwa mno. Kichaka cha mwanzi wa manjano kinahitaji mita 5 au zaidi kutoka nyumbani, na kisipandwe kabisa chini ya nyaya za umeme.

Kama una eneo kubwa, au unapanda kwa ajili ya shule, kanisa au zahanati, mwanzi wa kutambaa unaweza kukupa uzio mzuri sana, mradi uwe na watu wa kuutunza kila mwaka. Uweke mita 3 au zaidi kutoka kwenye mpaka hata kama umechimbia kizuizi, ili upate nafasi ya kupita na kukagua pande zote.

Kuna mahali ambapo mwanzi wa kutambaa haufai hata kidogo. Usiupande kando ya choo cha shimo wala kisima kifupi, kwa sababu kila mwaka utalazimika kuchimba pembeni yake, na kuchimba kwenye ukingo wa shimo ni hatari. Usiupande ukingoni mwa mto, dambo (bonde lenye majimaji) au ziwa. Mafuriko yakibomoa ukingo hubeba vipande vya shina la ardhini, na kipande chenye jicho zima kinaweza kuota kitakapotua. Usiupande pia ndani ya shamba la mihogo kwa kufikiri utaupalilia pamoja na magugu, kwa kuwa jembe la palizi halifiki chini vya kutosha.

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, zungumza na jirani unayepakana naye, na uwajulishe viongozi wa eneo. Kijijini, nenda kwa mzee wa kijiji. Ardhi uliyopewa utumie ina masharti yake, na mmea unaoishi miaka mingi si kama mahindi ya msimu mmoja.

Kupanda

Wakati mzuri ni mvua zikishakolea, kuanzia mwisho wa Novemba hadi Januari. Kwa familia za wavuvi wakati huu una faida nyingine: uvuvi Mweru hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na mikono iliyozoea nyavu inapata nafasi ya kazi ya bustani. Mche uliopandwa Machi au Aprili hukutwa na kiangazi kabla haujajishikiza.

Chimba shimo lenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 45. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na samadi iliyoiva au mboji, debe moja au zaidi. Karibu na ziwa, kuanzia Kashikishi na kuendelea pwani, udongo wa kichanga haushiki maji, kwa hiyo ongeza mboji na ufunike juu kwa nyasi kavu. Kwenye miinuko, udongo umeoshwa na mvua nyingi na una uchachu, na majivu kidogo ya jikoni yakichanganywa na samadi husaidia.

Mwanzi wa manjano huoteshwa kwa vipande vya fito. Chagua fito ya mwaka mmoja hadi mitatu, ngumu lakini bado yenye uhai kwenye macho yake. Kata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, ukiacha ncha ndefu pande zote mbili ili kifundo kisikauke. Kilaze kipande kwenye kitalu chenye kivuli, macho yaelekee pembeni, ukifunike kwa udongo wa sentimita 5 hadi 8, na udongo usikauke. Baada ya wiki chache utaona majani. Usiking'oe kipande kwa furaha hiyo: majani ya kwanza hulishwa na akiba iliyomo kwenye fito, na mara nyingi hutangulia mizizi. Subiri hadi chipukizi jipya litoke ardhini lenyewe na mche ugome ukiuvuta kidogo, ndipo uhamishie kwenye shimo lake.

Mwanzi wa kutambaa hauoti vizuri kwa vipande vya fito. Unahitaji kipande cha shina la ardhini chenye urefu wa sentimita 30 hadi 50, chenye macho mazima na mizizi hai, na ikiwezekana kiwe na fito moja iliyosimama juu yake. Ipunguze fito hiyo ibaki ya urefu wa mita moja hivi, ukiacha matawi machache. Kizungushie kipande gunia lililolowa mara tu unapokichimbua, kwa sababu jua huua mizizi yake myembamba upesi sana. Kilaze kwenye shimo kama kilivyokuwa, kina cha sentimita 10 hadi 15, ufukie, ukanyage taratibu, umwagie maji mengi.

Mwaka wa kwanza, na pengine wa pili, utaona fito chache nyembamba na utadhani mmea umegoma. Haujagoma. Unatandaza mashina yake chini, na fito za kila msimu zitakuwa nene kuliko za msimu uliotangulia. Katika miaka hii ya kimya ndipo watu wengi huahirisha kuchimbia kizuizi, na mwaka wa tatu wanajikuta na msitu nje ya mstari. Samaki mkunje angali mbichi: mpaka huwekwa siku ya kupanda.

Njia mbili za kuweka mpaka

Njia ya kwanza ni kizuizi cha kuchimbia. Mashina mengi ya mwanzi wa kutambaa hukaa kwenye sentimita 30 hadi 45 za juu, kwa hiyo kizuizi kishuke sentimita 60 hadi 75. Kitu kinachofaa ni plastiki nzito, ngumu, yenye unene wa milimita 1 hadi 1.5. Huku kwetu njia nafuu ni mapipa ya plastiki. Pipa la lita 200 likikatwa juu na chini na kupasuliwa ubavuni hutoa bamba la karibu mita 1.8 kwa sentimita 90 kwenda chini. Yapandishe mabamba yapishane kwa sentimita 30 au zaidi, uyafunge kwa bolti au waya mnene mahali panapokutana, kwa kuwa upenyo mdogo kwenye maungio unatosha kwa ncha ya mwanzi kupita.

Simamisha kizuizi kikilalia nje kidogo kwa juu, ili shina linalogonga lielekezwe juu badala ya kupiga mbizi chini yake. Acha sentimita 5 hivi zionekane juu ya ardhi. Sehemu hiyo ndogo ndiyo itakayokuonyesha shina linalojaribu kuruka, ulikate kwa panga. Shindilia udongo wa chini pande zote mbili hadi uwe mgumu, na ule wa juu upande wa ndani uache ukiwa laini, kwa sababu shina hufuata mahali palipo laini.

Vipo vitu vinavyoonekana kufaa lakini havifai. Turubai, hata lile jeupe linalogawiwa kwa ajili ya hema, hutobolewa na ncha za mwanzi. Mabati huliwa na kutu na kuacha matundu. Matofali yaliyojengwa kwa udongo hufunguka maungio. Ukiwa huna plastiki nzito, usitumie vitu hivi kwa kujifariji, tumia njia ya pili.

Njia ya pili ni mtaro wa wazi. Haina gharama ila jasho, na kwa wengi wa Kenani ndiyo inayowezekana. Zungusha mtaro wenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 40 kuzunguka eneo lote ulilotenga. Ujaze majani makavu au mchanga mwepesi ili mtu asiumie mguu. Mara mbili kwa mwaka, toa majani hayo na ukague.

Ukaguzi unafanywa hivi. Piga magoti kwenye mtaro, upande wa nje, ukiwa umeelekea mianzi. Pitisha ncha ya panga polepole kwenye ukuta wa ndani, kuanzia juu kushuka chini, kisha sogea hatua moja. Panga likipita kwenye udongo husikii kitu. Likigonga shina, utalisikia mkononi kabla hujaliona. Fukua kidogo kulizunguka. Kama limeingia mtaroni, likate sambamba na ukuta wa ndani, kisha ufuate kipande kilichopita hadi ncha yake na kukitoa chote. Usikiache hata kifupi, kwa kuwa chenye jicho moja kinaweza kuanza ukoo mpya. Vipande vyote viweke juu ya bati au mwamba vikaushwe na jua hadi vivunjike kwa mkono, ndipo vipelekwe jikoni kuwa kuni. Usivitupe kwenye lundo la mboji, wala mtoni.

Mianzi ya kichaka haihitaji kizuizi wala mtaro. Inatosha kuvunja machipukizi yanayotoka nje ya duara unalolitaka.

Kazi za mwaka mzima

Novemba hadi Februari: Machipukizi yanatoka. Tembea kila baada ya siku chache. Chipukizi lililotoka mahali pasipotakiwa, livunje kwa mguu au lipige jembe likiwa bado fupi kuliko goti. Wakati huo ni laini na hukatika bila taabu. Mengine yaache. Chipukizi hutoka ardhini likiwa na unene wake wote, hufikia urefu wake wa mwisho kwa miezi miwili au mitatu, na baada ya hapo halinenepi wala halirefuki tena. Hivyo uzio unaotaka uwe wa mita 3 waweza kuukata juu ya kifundo kwa urefu huo, na kila fito uliyoikata itabaki hapohapo, ikijaza matawi pembeni.

Machi na Aprili: Palilia, na uache majani yaliyoanguka yabaki chini kama matandazo. Yanarudisha rutuba kwenye udongo na kuhifadhi unyevu.

Mei: Ukaguzi wa kwanza wa mtaro au kizuizi. Mashina yamemaliza msimu wa kusafiri na udongo bado unachimbika.

Juni hadi Agosti: Vuna fito zilizokomaa. Huu pia ni msimu wa moto wa porini, watu wakisafisha mashamba. Majani makavu ya mwanzi hushika moto upesi, kwa hiyo fyeka ukanda wa mita 2 hadi 3 kuzunguka mianzi, na yaondoe majani yaliyo karibu na nyumba ya nyasi.

Septemba na Oktoba: Ukaguzi wa pili, kabla mvua hazijarudi. Weka samadi mwishoni mwa Oktoba ili mvua ya kwanza iishushe.

Ukizishika kazi za Mei na Oktoba, mengine ni madogo. Ukizikosa mwaka mmoja, kazi ya mwaka unaofuata itakuwa kubwa mara nyingi, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuvuna na kutumia

Mianzi isiyokatwa hudhoofika, fito za zamani zikikauka katikati na kuwa maficho ya panya na nyoka. Kata fito zenye miaka mitatu na zaidi, usizidishe theluthi moja kwa mwaka, na uache za mwaka mmoja na miwili ziendelee kulisha mmea. Ili kujua umri, paka rangi kidogo kwenye fito mpya za kila mwaka, rangi tofauti kwa kila msimu.

Kata karibu na ardhi, juu tu ya kifundo. Ukikata katikati ya pingili unaacha kikombe kinachojaa maji ya mvua, na mbu hutaga humo. Kwenye wilaya yenye malaria nyingi kama Nchelenge, usiongeze maji yaliyotuama karibu na mlango wa nyumba. Vaa nguo za mikono mirefu, kwa sababu vigamba vya machipukizi vina vinyweleo vinavyowasha ngozi.

Fito zilizokatwa huliwa na wadudu wadogo wanaobungua na kuacha unga mweupe, wakifuata wanga uliomo ndani. Ndiyo maana tunavuna kiangazi na tunachagua zilizokomaa. Kinga ya bei nafuu ni kuzizamisha fito majini kwa wiki mbili hadi nne, uzitie uzito zisielee, kisha uzikaushe zikiwa zimesimama kivulini. Jua kali huzipasua. Zikikauka zinafaa kwa uzio wa bustani ya mboga, vichanja vya kukaushia samaki, matenga ya kuku, na egemeo la nyanya na maharage. Zisigusane na ardhi moja kwa moja, kwa kuwa unyevu na mchwa huzimaliza.

Machipukizi machanga ni chakula, lakini yasiliwe mabichi. Yana sumu ya jamii ileile iliyomo kwenye mihogo michungu. Yamenye magamba, yakatekate, yachemshe vizuri, umwage maji hayo, uchemshe tena kwa maji mapya hadi uchungu uishe. Usimpe mtoto aonje kabla hujamaliza hatua hizi.

Ukitaka kuuondoa

Umekuta mwanzi wa kutambaa umeenea kiwanja kizima? Unaondoka, ila kwa subira. Kwanza kata fito zote kabisa mwishoni mwa kiangazi. Kisha chimba mtaro wa kuutenga na viwanja vya jirani. Mvua zikianza na machipukizi yakitoka, yavunje yote, kila wiki, bila kuacha hata moja lifungue majani. Shina la ardhini linaishi kwa chakula kinachotengenezwa na majani. Ukilinyima hayo kwa misimu miwili au mitatu, akiba yake huisha. Wakati huohuo fukua mashina kwa sururu na mtaimbo, sehemu ndogo kwa wakati, udongo ukiwa na unyevu. Kuchoma moto juu hakusaidii, kwa kuwa mashina yaliyo chini hubaki hai.

Dawa za kuua magugu zisitumike karibu na visima, mito au ziwa. Familia nyingi huku huchota maji, huoga na kuvua mahali pamoja, na mwanzi unaondoka kwa mikono bila dawa hizo.

Haki ya jirani

Tatizo la mwanzi unaovuka mpaka halijaanza kwetu. Huko Japani, mashamba ya mianzi mikubwa yaliyoachwa bila mwenyewe yameingia kwenye misitu ya vilimani. Nchini Marekani, jimbo la Connecticut lilipitisha sheria mwaka 2013 inayomfanya mwenye kupanda mwanzi wa kutambaa awajibike kwa hasara utakayoileta nje ya ardhi yake. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria ili tufanye lililo la haki. Mwanzi ukichomoza kwa jirani, nenda mwenyewe na jembe lako, mpe pole, uchimbe hadi mahali ulipoanzia, na urekebishe mpaka ulipovuja.

Watu wakiona uzio wako wanaweza kuja kuomba mche. Wape bila hiyana, lakini mwambie kila mmoja jina la aina unayompa, kama ni wa kichaka au wa kutambaa. Kama ni wa kutambaa, usimkabidhi mche kabla hajakuonyesha chombo, kizuizi au mtaro alioutayarisha. Akiwa hajaanza, nenda ukamsaidie kuchimba.